Visikilizi vya masikio kwa waimbaji wetu: tupime kwa kusikia, si kwa kuhesabu

Katika makanisa yetu ya mashariki, kutoka Bunia na Butembo hadi Goma, Bukavu na Uvira, kuna vikundi vya sifa ambavyo vimeanza kuacha zile bafle zinazowekwa chini mbele ya waimbaji. Badala yake wanatumia visikilizi vidogo vinavyoingia ndani ya sikio. Mwimbaji anasikia sauti yake, kinanda na ngoma humo masikioni, na jukwaa linabaki na utulivu.

Ni jambo jema, lakini linaleta swali mbele ya komiti ya kanisa. Kijana wa sauti anakuja na karatasi, anaomba dola 150, au 300, kwa jozi moja tu. Ukiuliza kwa nini bei hiyo, anajibu: « Hizi zina vispika vitatu kila upande. » Je, vitatu ni bora kuliko kimoja? Je, vitano ni bora kuliko vitatu? Pesa inayoombwa ni sadaka, na sehemu yake imetolewa na mama aliyeuza fretini au mchicha juma zima. Tena masikio yatakayovaa vyombo hivyo ni ya watoto wetu. Kwa hiyo inafaa tujue tunanunua nini.

Kwa nini waimbaji wanavihitaji

Bafle ya jukwaani ina shida inayojulikana na kila fundi wa sauti. Mwimbaji hajisikii, anaomba aongezewe. Mpiga gitaa naye hajisikii, anaongeza chombo chake. Mpiga ngoma anapiga kwa nguvu zaidi. Mwishowe mikro zinapokea sauti ya bafle, zinairudisha ndani ya bafle, na kanisa zima linasikia ule mlio mkali unaofanya watu wazibe masikio. Katika jengo lenye paa la mabati na kuta za saruji, sauti inarudi kutoka kila upande, na maneno ya wimbo yanapotea.

Kisikilizi kinachoziba sikio vizuri kinakata mzunguko huo. Kampuni ya Shure ya Marekani inatangaza kwamba visikilizi vyake vya jamii ya SE vinaweza kupunguza kelele za nje hadi desibeli 37, kama vimekaa sawasawa. Mwimbaji akisha kulindwa na kelele za nje, anaweza kusikia kila kitu kwa sauti ndogo. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Ndani ya kisikilizi kuna nini

Kuna aina mbili kubwa za vispika vinavyotumika humo.

Aina ya kwanza ni kispika cha utando. Ni kama bafle ya kanisa iliyopunguzwa ikawa ndogo kama punje ya dengu: kuna sumaku, kuna waya uliozungushwa, na kuna utando mwembamba unaosukuma hewa. Juu ya boksi utaona herufi DD. Aina hii hutoa besi yenye mwili, inavumilia, na haigharimu sana kuitengeneza.

Aina ya pili ni kispika cha ulimi. Ndani ya kijisanduku cha chuma kuna ulimi mdogo wa chuma kati ya sumaku mbili. Umeme unapopita, ulimi unatikisika na kusukuma utando mdogo sana. Juu ya boksi utaona herufi BA. Chombo hiki hakikuanzia kwenye muziki. Kilitumiwa kwanza katika vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri, na kampuni ya Knowles, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1946, ilijulikana kwa kazi hiyo. Kispika cha ulimi ni kidogo sana, kinatumia umeme kidogo, na hutoa maneno kwa usafi. Lakini kimoja peke yake mara nyingi hakifiki vizuri chini kabisa kwenye besi na juu kabisa kwenye sauti nyembamba kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana watengenezaji walianza kuviunganisha. Mwaka 1995, fundi wa sauti Mmarekani Jerry Harvey alimtengenezea Alex Van Halen, mpiga ngoma wa kikundi cha Van Halen, kisikilizi chenye vispika viwili kila upande: kimoja kwa sauti za chini, kingine kwa sauti za juu. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Kazi ya kugawa sauti inafanywa na kisaketi kidogo ndani ya ganda, ambacho tunaweza kukiita kigawanyi. Kinapeleka besi kwa kispika cha besi, na sauti nyembamba kwa kispika cha sauti nyembamba. Baadhi ya visikilizi huchanganya utando kwa besi na ulimi kwa sauti za juu. Hivyo huitwa vya mchanganyiko. Mackie MP-240 ni mfano wa aina hiyo: utando mmoja na ulimi mmoja kila upande.

Wingi wa vispika si kipimo

Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Fikirini kwaya. Waimbaji watano wasiofanya mazoezi pamoja hawawezi kuimba vizuri kuliko mmoja aliyejifunza. Vispika ni hivyo hivyo. Kama kigawanyi hakikufanywa kwa uangalifu, vispika viwili vinatoa sauti ile ile kwa wakati usiolingana, na sehemu ya sauti inakufa mahali vinapokutana. Mara nyingi sehemu inayokufa ni ile ya katikati, na hapo ndipo sauti ya mwanadamu inapokaa.

Tazameni mifano mitatu. Etymotic ER4, iliyotoka mwaka 1991, ina kispika kimoja tu cha ulimi kila upande, na kwa miaka mingi mafundi wa sauti waliiheshimu kwa usahihi wake. Shure SE215 ina kispika kimoja tu cha utando, inauzwa karibu dola 100 huko ng'ambo, na wanamuziki wengi wanafanya nayo kazi jukwaani. Upande mwingine, KZ ZS10 Pro kutoka China ina vispika vitano kila upande, utando mmoja na ndimi nne, lakini inauzwa chini ya bei ya SE215. Kama hesabu ya vispika ingekuwa kipimo, bei na sifa za vyombo hivyo zingekuwa kinyume.

Hii haimaanishi kwamba vispika vingi ni udanganyifu. Shure SE425 ina ndimi mbili, SE535 ina tatu, Audio-Technica ATH-E70 ina tatu, na hivyo ni vyombo vya kazi halisi. Vikitengenezwa vizuri, vispika vingi vinasaidia pale ambapo mwimbaji anapokea mambo mengi kwa pamoja: sauti yake, waimbaji wenzake watatu, kinanda, magitaa mawili na ngoma. Kila kitu kinapata nafasi yake. Ila tunalipa kwa ajili ya kazi ya mtengenezaji, hatulipi kwa idadi iliyoandikwa juu ya boksi.

Namna ya kupima sauti

Kabla ya kitu chochote, hakikisheni kisikilizi kimeziba sikio. Kisikilizi cha dola 400 kisichoziba kitakuwa kibaya kuliko cha dola 50 kinachoziba. Ndani ya boksi kuna vifuniko vya ukubwa mbalimbali, vya mpira na vya sponji. Cha sponji kinafinywa kwa vidole, kinaingizwa wakati mkono mwingine unavuta sikio juu na nyuma, kisha kinashikiliwa kidogo hadi kivimbe. Waya unapita juu ya sikio na kushuka nyuma ya shingo. Sasa cheza wimbo, kisha sukuma kisikilizi taratibu kwa kidole. Kama besi inaongezeka ghafla, hakikuwa kimeziba, badilisha kifuniko. Watu wengi wana tundu la sikio la kulia lisilolingana na la kushoto, kwa hiyo si ajabu kutumia vifuniko viwili tofauti.

Baada ya hapo, pimeni kwa nyimbo mnazozijua. Iliyo bora ni rekodi ya ibada yenu wenyewe, maana mnajua ilivyosikika. Sikilizeni mambo haya:

1. Maneno. Punguza sauti hadi iwe ndogo kama ya mtu anayezungumza nawe mezani. Je, bado unashika kila neno la wimbo? Kama unalazimika kuongeza sauti ili uelewe maneno, chombo hicho hakifai kwa mwimbaji, hata kama besi yake ni tamu.

2. Herufi s, sh na ch. Zikichoma sikio kama sindano, sauti za juu zimezidi. Dakika tano unavumilia; katika ibada ya saa tatu utachoka, na utaanza kutoa kisikilizi.

3. Besi. Je, unatofautisha gitaa ya besi na ngoma kubwa ya mguu, au vyote viwili vimekuwa mngurumo mmoja? Mpiga besi na mpiga ngoma watalihitaji jambo hili kuliko wengine.

4. Mahali vispika vinapokutana. Tafuta wimbo ambamo kinanda kinapanda kutoka noti za chini hadi za juu, au mwambie mpiga kinanda apande noti moja moja kwa nguvu ile ile. Sauti ikipotea mahali fulani au ikiruka ghafla, kigawanyi kina kasoro.

5. Kulia na kushoto. Mwimbaji mmoja akiimba peke yake katikati ya rekodi, usikie kana kwamba yuko katikati ya kichwa chako. Akielekea upande mmoja, geuza visikilizi, cha kulia kiende kushoto. Sauti ikihama pamoja nacho, jozi hiyo hailingani. Isipohama, tatizo liko kwenye sikio au kwenye namna kilivyokaa.

6. Sauti yako mwenyewe. Imba ukiwa umevivaa. Masikio yakizibwa, sauti inavuma ndani ya kichwa kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Hiyo ni kawaida kwa kila kisikilizi, na mwimbaji anaizoea akipewa sauti yake vizuri kutoka miksa. Lakini mtu asichaguliwe chombo bila kukijaribu akiimba.

Namna ya kupima uimara

Kitu kinachokufa kwanza karibu kila mara ni waya. Unavutwa, unakanyagwa, unakunjwa mfukoni. Kwa hiyo sharti la kwanza: waya uwe wa kutoka. Msinunue kisikilizi cha bei ya kati ambacho waya wake umeshonwa ndani ya ganda, kwa sababu waya ukikatika mmepoteza chombo chote.

Kuna aina mbili za viungio vinavyopatikana zaidi. Kimoja kinaitwa MMCX: ni cha mviringo, kinaingia kwa kubofya, na kinazunguka. Kingine kina pini mbili nyembamba. MMCX ikifunguliwa na kufungwa kila juma inalegea, na sauti inaanza kukatika katika wimbo. Pini mbili hazizunguki, lakini zinaweza kupinda au kuvunjika kama mtu analazimisha. Aina yoyote mtakayochagua, msizoee kuufungua waya bila sababu, na nunueni waya wa akiba siku ile ile.

Tazameni pia maungio ya ganda. Pitisha kucha pale nusu mbili zinapokutana: pasiwe na ufa wala gundi iliyomwagika. Tazama mdomo wa kisikilizi. Uwe na wavu mdogo wa kuzuia nta ya sikio isiingie. Vispika vya ulimi vina tundu dogo sana, na nta ikiingia humo sauti inafifia upande mmoja. Pinda waya taratibu karibu na plagi wakati muziki unacheza. Ukisikia mkwaruzo, urudishe kwa muuzaji. Vispika vya ulimi pia havipendi kuangushwa kwenye saruji, kwa sababu ulimi ukipinda hata kidogo sauti inaharibika. Kijisanduku kigumu cha kuvihifadhia si pambo.

Jihadharini na bidhaa za bandia. Visikilizi vya Shure vinaigizwa sana, na boksi la bandia linaweza kufanana na la kweli. Bei ikiwa nusu ya ile ya kawaida, ulizeni maswali. Muuzaji mwaminifu atakubali mjaribu kwanza, na atawapa risiti.

Jaribuni pamoja na miksa yenu

Kisikilizi kinachosikika vizuri kwenye simu dukani kinaweza kubadilika kikifika kanisani. Sababu ni hii. Vispika vya ulimi, hasa vikiwa vingi, vina ukinzani wa umeme unaobadilika kufuatana na sauti: mdogo hapa, mkubwa pale. Baadhi ya miksa na vikuza sauti vya bei ndogo vina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti. Vikikutana, besi inaweza kufifia au sauti za juu zikapanda, ingawa hakuna kilichoharibika. Kispika kimoja cha utando hakisumbuki sana na jambo hilo. Kwa hiyo, pimeni mkitumia chombo kile kile mtakachotumia siku ya ibada.

Jambo la pili ni wepesi wa kuitikia. Shure inaandika kwamba SE215 inatoa desibeli 107 kwa miliwati moja, na SE535 inatoa 119. Tofauti hiyo ya desibeli 12 maana yake ni kwamba cha kwanza kinahitaji nguvu ya umeme mara 16 hivi ili kutoa sauti sawa na cha pili. Chepesi kinaonekana bora, lakini pia kinaleta masikioni kila « shhh » ya miksa na mngurumo wa jenereta. Tena kama sauti ilikuwa imewekwa kwa ajili ya cha kwanza, atakayechomeka cha pili bila kupunguza ataumia. Kanuni ni moja: teremsha sauti hadi sifuri, chomeka, vaa, kisha panda taratibu.

Na kwenye miksa, waimbaji wapewe njia yao ya pembeni isiyofuata vitelezi vya bafle kubwa. Vinginevyo, kila mara fundi anapopunguza sauti ya kanisa, masikio ya mwimbaji nayo yanabadilika katikati ya wimbo.

Masikio hayana spea

Bafle ikiungua tunanunua nyingine. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa, haviroti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidi saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 94 ni saa 1. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Tufikiri sasa juu ya mwimbaji mwenye mazoezi mara mbili kwa juma, mkesha wa Ijumaa na ibada mbili za Jumapili. Saa zinajumlishwa.

Kisikilizi kizuri kinaweza kumlinda mwimbaji huyo, na kinaweza pia kumharibu, maana sauti iko karibu kabisa na ngoma ya sikio. Hatari kubwa ni mazoea ya kutoa kimoja na kubaki na kingine. Sikio lililo wazi linaingia katika kelele za jukwaa, na mtu anaongeza sauti ya upande uliobaki ili kushindana nazo. Hivyo masikio yote mawili yanaumia.

Mara nyingi wanatoa kimoja kwa sababu hawasikii tena kanisa likiimba. Shida hiyo ina dawa rahisi: wekeni mikro moja au mbili mbele, zikitazama watu, na sauti yake iende masikioni mwa waimbaji tu, isiende kwenye bafle kubwa. Anayeongoza sifa asipowasikia watu hawezi kujua kama wamefuata au wamebaki nyuma.

Kama miksa yenu ina kizuizi cha sauti, kiwasheni kwenye njia hizo. Mikro ikianguka chini, au ule mlio mkali ukitokea, kizuizi kinakata sehemu ya pigo kabla halijafika sikioni. Na kama baada ya ibada masikio ya mtu yanalia « nziii » hadi usiku, hiyo ni alama kwamba sauti ilizidi. Asiambiwe avumilie, sauti ipunguzwe.

Shauri kwa komiti

Kanisa linaloanza lisinunue jozi moja ya dola 400 kwa kiongozi wa sifa huku wengine wanabaki na bafle, jukwaa halitatulia. Ni afadhali waimbaji wanne wapate vya kispika kimoja vilivyo bora, vya waya, pamoja na kikuza sauti kidogo cha kugawia. Mitambo isiyo na waya inaweza kusubiri. Vispika viwili au vitatu, vya dola 200 na zaidi, viangaliwe baadaye kwa wale wanaopokea mambo mengi masikioni. Kwa mpiga besi na mpiga ngoma, tafuteni chenye utando ndani yake, kiwe cha utando peke yake au cha mchanganyiko.

Katika bajeti wekeni pia waya wa akiba, vifuniko vya akiba na kijisanduku kwa kila jozi. Kila mtu awe na vifuniko vyake mwenyewe, kwa ajili ya usafi. Vifuniko vinavyovaliwa na watu wengi vinaweza kupitisha vijidudu kutoka sikio hadi sikio. Baada ya ibada, vipanguswe kwa kitambaa kikavu, mdomo ukielekezwa chini, na nta iondolewe kwa brashi laini. Mtu mmoja apewe jukumu la kuvihesabu na kuviandika katika daftari.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorinto 14, anazungumza juu ya filimbi na kinubi: kama sauti zake hazitofautiani, anayesikia atajuaje kinachopigwa? Komiti inaweza kuuliza swali hilo hilo mbele ya kila boksi linaloletwa mezani. Je, kwa sauti ndogo, mwimbaji wetu anasikia maneno, noti na wenzake, kila kimoja mahali pake? Kama ndiyo, na waya unaweza kubadilishwa, na bei iko ndani ya uwezo wetu, basi idadi ya vispika iliyoandikwa juu ya boksi haina haja ya kutusumbua.